Shomoro wa Mguu Mmoja

Mimi ndiye mshika funguo. Chumba kiko juu,
katika kiwanda cha zamani cha nguo, mjini Łódź.
Palipofumwa vitambaa sasa zimetambaa nyaya,
na moshi wa kulehemu, mtamu kidogo, wa kukohoza.
Alhamisi, saa moja usiku. Kufuli hukwama baridi ikizidi.

Bodi yetu aliichora Halszka
kwa majira mawili ya theluji, kati ya zamu za usiku hospitalini,
akilala mchana saa tatu tu.
Hutosha kiganjani kama biskuti:
chipu moja, pini ishirini na nane,
taa ndogo ya kijani kando ya tundu la kebo.
Pembeni akachapa shomoro.
Usiku wa mwisho, akifuta mstari wa shaba uliopita vibaya,
akafuta na mguu wa ndege, asijue.
Bodi mia zikarudi: shomoro mia, miguu mia.
Tulicheka hadi Witold akaangusha pasi ya kulehemu.
Meza ina kovu hadi leo.

"Mwacheni hivyo hivyo," akasema Halszka.
"Na michoro itoeni bure. Atakaye na achukue."

Wakachukua.

Zenobiusz alikuwa mwenzetu, ana ulimi, ana na suti.
Akaenda ofisi ya serikali, akasajili jina, akasajili na ndege.
"Kodi ya hapa mwadhani hulipwa kwa nini?
Mkono mtupu haulambwi."
Na kweli, miezi saba aliilipa yeye.
Niliiandika daftarini mwenyewe, kwa wino.
Wanaomtukana hawaulizi daftari.

Kisha zikaja nyingine kutoka Shenzhen, ndani ya mifuko ya plastiki,
bei ya mkate na siagi.
Chumba kikawa na upande wa chanya na upande wa hasi,
na aliyegusa kotekote aliungua.
Witold akabandika mlangoni: BODI BANDIA HAZIINGII.
Bogna akaongeza chini, kwa penseli: na wenye suti je?
Wakabishana nani alitangulia, nani mdandiaji,
nani hunakili mistari ya programu asiyoielewa.
Penye wengi pana mengi,
ila sisi hatukuwa wengi tena. Viti kumi na tisa, wakaao sita.
Halszka aliacha kuja. Hakuaga.
Kikombe chake kipo, na darubini yake ya mezani.

Mwezi wa pili akaja mtoto, Jagna, miaka kumi na mmoja,
glavu zimeunganishwa kwa uzi shingoni.
Bodi yake haiwaki. Ni ya kupima joto
ndani ya mzinga wa nyuki wa babu yake, wasife na baridi.
Witold akauona ule mfuko wa plastiki.
Hakusema kitu. Alinyoosha kidole mlangoni.
Mtoto akasoma polepole, akageuka:
"Bandia ndiyo ipi?"

Nikaiweka chini ya darubini ya Halszka.
Pini moja imeinuka, haigusi shaba. Unywele tu.
Na pembeni, pale pale,
shomoro. Mguu mmoja.

Witold akainama, akakaa ameinama.
Kisha akafungua kabati, akatoa ile ya Zenobiusz,
ya halali, ya boksi, yenye muhuri.
Shomoro ana miguu miwili.
Amesahihishwa.

Hakuna aliyesema neno la hekima.
Bomba la joto lilikohoa ukutani.
Witold, ambaye mkono wake hutetemeka siku hizi,
akashika pasi, akaigusa ile pini mara moja. Moshi.
Kijani. Giza. Kijani.

Jagna alilipa peremende mbili;
nimeziandika, safu ya mapato.
Tangazo lingali mlangoni. Witold hakulitoa, wala mimi.
Ila usiku ule, kabla ya kufunga,
nilipiga simu hospitalini, nikaomba wadi yake.
Iliita sana.
"Shomoro wako," nikasema, "yuko hai Uchina.
Bado anachechemea."
Kimya. Kengele ya mgonjwa ikalia upande wake.
Akasema nisikate.