Ufa wa Chumba cha Uani

Ufa nimeziba. Ukuta nao nimejenga.
Methali haikuujua mfinyanzi
wa huku kwetu Mabokweni,
udongo unaokunywa masika yote hadi ukavimba,
ukaunyanyua msingi kama mtu anayejigeuza usingizini,
na Januari, jua likishaukamua,
ukanywea, ukaiacha nyumba
ikining'inia kona moja.

Fundi Shekiondo alikuja na kipande cha kioo,
akakibandika kwa plasta, kikaukatiza ufa.
"Kikivunjika, mama, nyumba inatembea."
Kilivunjika siku ya tisa,
nikikoroga uji wa daku.
Tik. Basi.

Msingi ulitaka futi sita, akasema, hadi kwenye jiwe.
Marehemu Mbaruku alikomea mbili.
Sikumjibu fundi.
Mimi ndiye niliyetaka bati la rangi.

Mjukuu wangu Mwanatumu hana habari za futi.
Kiangazi kile aliuficha ufani
mia mbili yake, sarafu,
mvua za Aprili zikaufumba mdomo.
Akaugonga ukuta kwa kijiko: nirudishie!
Nikamwambia, subiri jua.

Leo kaja mbio, kiganja wazi.
Sarafu imepauka, ina chokaa ukingoni,
na ufa sasa unameza kidole chake chote,
unapitisha mwanga wa jikoni kwa jirani,
na harufu ya vitunguu vyake.

Napapasa kando ya ukuta, saruji yangu ya mwaka jana
inabanduka kama gamba la kidonda.

Mwanatumu anauliza
kama na noti itaingia.