Nitue

Msagali, kabla sijajua kusoma,
neno la kwanza nililolielewa lote
lilikuwa la mama akirudi korongoni,
ndoo kichwani, maji yakimlamba shingo:
"Nitue."

Hakusema nisaidie. Hakusema nimechoka.
Nitue, nami, mfupi kama kinu,
napanda juu ya jiwe la kusagia,
nashika ukingo, yeye anapiga goti,
na ndoo inashuka kati yetu
kama mtoto aliyelala.
Kisha kimya. Ngata bado kichwani,
mkono kiunoni, macho mahali pasipo na kitu.
Ule ukimya sikuwa na jina lake.

Shuleni mwalimu Chidosa akaandika ubaoni:
VITUO. Akachora nukta, akachora mkato,
akamsomesha Ndahani ukurasa mzima bila kupumua
mpaka akakohoa, darasa likacheka.
"Mkato," akasema, "si mwisho.
Ni kutua ndoo bila kuvua ngata."

Treni ya bara ilifika usiku, saa yoyote iliyotaka.
Tulikimbia na beseni la mayai ya kuchemsha,
chumvi tumeifunga kwa karatasi za daftari langu,
mikato yangu yote imeuzwa na chumvi.
Abiria mmoja akauliza dirishani,
"Mama, hapa inatua muda gani?"
Mama akacheka. "Hii haitui, baba. Inasimama tu.
Punda naye husimama, na magunia yako mgongoni."
Akapokea noti, akawa anatafuta chenji,
behewa likaondoka na mkono wa mtu ukiwa nje.
Mpaka leo tunadaiwa shilingi hamsini.

Jua hutua. Kunguru hutua juu ya tangi la reli.
Vumbi la Septemba halitui mpaka mvua.
Homa hutulia, mtoto hutulizwa,
na asiyejibu upesi huitwa mtulivu:
ukoo mmoja, wote wametoka chini ya ndoo ile.
Hata watunzi, mshororo wa mwisho wa ubeti
huuita kituo,
halafu hao, wanajitwika ubeti mwingine.

Sasa nakaa Dodoma mjini, nahariri taarifa.
Huletwa mezani sentensi ya mistari kumi na moja,
imebeba mikakati, wadau, mustakabali,
inatweta, haina pa kuweka mguu.
Naipigia goti. Naitua hapa, naitua pale.
Mkuu wangu, bwana Mang'enya, huinua miwani:
"Mikato yote hii ya nini?"
Namjibu, wasomaji wana shingo.
Huifuta nusu. Kesho yake nairudisha.

Juzi nilikwenda Msagali. Treni ya umeme hupita
kama mtu aliyekuona sokoni akajifanya hakuoni.
Bomba limefika uani. Ndoo ya zamani
imetoboka kitako, imepandwa mchicha.
Nilisimama mlangoni, begi begani,
nikieleza safari, kazi, kodi ya nyumba,
simu ikaita, nikapokea, nikakata,
nikaeleza safari tena.

Mama hakunikatiza. Alisogeza kigoda kwa mguu,
akanyanyua mikono yote miwili, bado hodari,
akashika mkanda.
"Mbona umesimama kama treni?"

Begi likashuka kati yetu.
Hapo ndipo bega lilipoanza kuuma.