Nilikuja Kugomba

Mwalimu, mimi nilikuja kugomba.
Nilibeba kaptula ya Chedego kama ushahidi:
makalioni imelika, mfuko umejaa mchanga,
na ndani ya mchanga kokoto kumi na mbili
nilizozitupa nje, akalia
kana kwamba nimemwaga unga wa siku tatu.

Ndoo ya maji hapa Mvumi unaijua bei yake.
Kiangazi hiki natoka jogoo la kwanza,
nachimba korongoni, nasubiri, nateka kwa kata.
Sasa nifue mara ngapi mchanga ule ule
niliouchimba mwenyewe alfajiri?

Njiani niliyapanga maneno kama kuni,
makavu juu, yashike moto upesi:
darasa lina paa, lina ubao,
tulichanga matofali, tulichanga bati,
mimi nilitoa debe la mtama;
leo mmewaachia mbuzi?

Darasani sikukuta mtu.
Mbuzi alikuwepo, kweli,
mmoja, anatafuna chaki.

Nikafuata kelele hadi korongoni.
Watoto arobaini na kitu, peku,
wamechora mstari mrefu mchangani
toka kwenye mgunga hadi jiwe la kufulia,
na kila hatua wameiwekea alama:
kigae, gunzi, pembe ya mbuzi, kifuu cha chupa.
Na wewe, Mwalimu Sechelela, viatu mkononi,
kanga umeikaza kiunoni kama mtu wa palizi.

Ukaita, "Kumi na mbili, toa saba!"
Akatoka wangu.
Huyu ambaye ubaoni hutoa jasho tu,
ambaye mwaka jana daftari lake lilirudi nyumbani
na misalaba mingi kuliko makaburi ya misheni.
Alisimama kwenye pembe ya mbuzi,
akaanza kuruka kinyumenyume,
moja, mbili, mchanga unafumuka,
tatu, nne, tano,
ya sita akaanguka kitako
(hapo ndipo nikaielewa kaptula),
akainuka, akamalizia moja,
akainama kutazama kilicho chini ya unyayo.

"Mwalimu! Nimesimama juu ya tano!"

Juu ya tano.
Hakusema jibu ni tano.

Ndipo uliponiona, na ile nguo mkononi.
Hukuuliza. Ulisema tu,
"Mama Chedego, kisima chako mwezi huu
kina mikono mingapi mpaka kwenye maji?"
Nikajibu kabla sijafikiri:
Julai ilikuwa miwili,
sasa mitatu na shubiri,
Oktoba itakuwa minne, Mungu akipenda isizidi.
Watoto wakakimbilia shimoni kupima.
Mimi, ambaye sahihi yangu ni dole gumba,
nikayaona maneno yangu yamelala mchangani
kwa tarakimu, na watoto wanayagombania:
mbona kwetu inatoka mitano?
Mkono wa nani huo?
Wa mama!
Kwani wangu si mkono?

Wakaniita nilaze mkono wangu chini,
wakalaza ya kwao pembeni,
kumi, kumi na tano, midogo, ina vumbi,
na hakuna aliyekuwa na haraka ya kunitajia jibu.
Kaptula niliikalia. Sijui hata niliikalia saa ngapi.

Jioni ng'ombe wa kina Malogo walipita kunywa,
wakavuruga mstari wote.
Nilidhani Chedego atalia tena.
Alisema, "Kesho tunachora mwingine,"
akaendelea kula mlenda wake.

Usiku, taa imezimwa, nilimsikia.
Toka kitandani hadi mlangoni, kinyumenyume,
tap, tap, kimya,
kisha kishindo na sufuria ikibiringika.
Baba yake akauliza ni mwizi?
Nikamwambia, lala, ni hesabu.

Kokoto nimezitafuta uani kwa kibatari.
Nimepata kumi na moja.
Anasema namdai, yaani ninadaiwa, moja.

Nitaileta mwenyewe kesho korongoni.
Lakini Mwalimu,
suala la kaptula bado liko palepale.