Karanga

Siku ya tatu ndipo nikang'amua: ni funguo.
Kila zilipogongana kiunoni mwangu
Ndahani alijikunja chini ya meza.

Faili limeandika: mkaidi.
Limeandika: alichoma ghala, Hombolo, usiku wa manane.
Halikuandika ghala lile lilifungwa na nani,
kwa nje,
misimu mingapi.

Leo funguo nimemwachia mlinzi.
Nimekaa sakafuni, ubavuni pake, si mbele;
mlango wazi, vumbi la Dodoma linaingia litakavyo.
Sijamuuliza kitu. Tunamenya karanga.

Ya saba, au ya nane,
hakuila. Alilitazama ganda, akanisogezea.
"Humu," akasema,
"walikuwamo wawili."

Mimi, binti wa mwalimu wa Kiswahili,
sikumsahihisha.