Bega la Ndani

Famau alilileta kabla sijafungua kufuli la pili,
gari la bluu, milango miwili, la chini
kiasi kwamba kuku wa jirani aliliruka bila papara.
"Nyevu, nibadilishie matairi ya nyuma.
Matairi ya siku hizi ni karatasi."
Jozi ya tatu tangu harusi ya dada yake.
Nikamwambia azime injini, anipe mkono.

Hakupenda. Mkono wake ni wa kupima vitambaa dukani Shella.
Nilikishika kiganja, nikakipitisha juu ya tairi la kushoto
kutoka nje kwenda ndani:
nje, meno mazima, hata vinywele vya mpira bado vimo;
katikati, si haba;
kisha bega la ndani, kipara,
na chini ya kipara, waya.
Akauondoa mkono kama aliyegusa chungu jikoni.

Upepo, akasema. Labda upepo.
Hapana. Upepo ukizidi, tairi hulika tumbo;
ukipungua, hulika mabega yote mawili.
Hili limelika bega moja,
kama mchukuzi wa mzega asiyejua kubadilisha.
Pitisha tena, nikamwambia, sasa ndani kuja nje.
Kwenda laini, kurudi kunakwaruza. Msumeno.
Tairi lenye msumeno haliviringiki tu, linaburutwa
upande, kidogo kidogo, njia nzima,
mtoto anayepelekwa chuoni na hataki.

Basi uzi. Mashine ya kupimia iko Mombasa;
hapa Maweni nina uzi wa mwashi, stendi nne,
na rula ya mwanangu yenye jina lake kwa wino.
Nikalala juu ya gunia.
Kulia, milimita mbili.
Kushoto, sita, gurudumu likitazama nje
kama mgeni wa karamu anayetafuta mlango.

Springi zilikatwa, hilo halihitaji rula.
Mtaliano wa kwanza alitaka gari lilambe lami,
likalamba matuta yote ya Watamu, akaliuza, akaenda kwao.
Springi zikikatwa, magurudumu huinama ndani,
lakini yote mawili. Kwa nini kushoto kuzidi?
Nikachomeka mtaimbo, nikausukuma.
Bushi ikafungua kinywa. Haina jino.

Ningeishia hapo.
Bushi elfu tatu, kazi elfu mbili, chai juu yake.
Lakini rangi ya pale juu ilikuwa changa kuliko gari,
nyeusi ya brashi. Nikakwangua kwa ukucha, kisha kwa bisibisi:
mshono wa kuchomelea, mnene, wa haraka,
kovu la mtu aliyeshonwa usiku na jamaa zake.

"Limegongwa," nikasema kutoka chini.
Niliona viatu vyake tu. Havikusogea.
"Limegongwa hapa, wakalinyoosha kwa mnyororo na mnazi."
Lori la chumvi likapita, tupu, likirudi Gongoni.
"Aliapa," Famau akasema. "Aliapa mbele ya dada yangu
kwamba halijaguswa."

Ndipo nikamjua muuzaji.
Pilau ya harusi ile niliila. Bwana harusi
alikuwa akirusha funguo juu na kuzidaka bila kutazama.

"Kwenye risiti," akasema, "andika bushi."
"Bushi ni kweli."
"Andika bushi tu. Makaratasi yangu dada ndiye huyatunza."

Nikaandika: bushi moja, nyuma, kushoto.
Kalamu haikudanganya, wala haikumaliza.
Nikatia bushi, nikakaza nati ya kurekebishia hadi mwisho wake,
nikarudisha uzi.
Sita ikashuka, ikafika nne, ikagoma.

Nikamwonyesha rula. Aliitazama muda mrefu
kuliko rula inavyostahili.
"Haya mapya yatafika lini?"
"Ramadhani. Ukienda polepole. Pengine."
Akaihesabu miezi kwa vidole,
vilevile, bado vina masizi ya mpira.