Tundu Lenye Pindo

Kila Oktoba huipandisha uwanjani bendera ile iliyotobolewa katikati,
na mwalimu huwauliza watoto: hili tundu maana yake nini?
Nao hujibu kwa pamoja, kama walivyofunzwa: uhuru!
Mimi husimama nyuma, mikono mfukoni,
nikiwaza jambo dogo la kijinga:
kile kitambaa cha duara kilichotolewa, kilikwenda wapi?

Vilikatwa vingi. Najua habari za kimoja tu.
Kilikuja jikoni kwetu, Mtaa wa Práter, ghorofa ya tatu,
kikawa kishikio cha sufuria.

Bibi Etelka alikuwa fundi katika karakana ya bendera.
Nembo arobaini kwa wiki, na msimamizi akizihesabu.
Alizijua kwa vidole, taa zikizimika:
masuke ya ngano huku na huku,
nyundo imepishana na suke moja katikati
(ndio mfanyakazi na mkulima, alieleza msimamizi;
bibi akajibu hajawahi kuona nyundo ikivuna),
juu nyota nyekundu, na miale
ya uzi wa dhahabu uliokuwa adimu kuliko nyama.

Usiku ule wa Jumanne Vendel, mdogo wake, alipanda ngazi akihema.
"Dada, mkasi!"
Wengine huko chini walitumia visu vya mkate,
wengine wembe, wengine meno.
Bibi alitandaza bendera mezani,
akafunika nembo kwa sahani ya supu,
akazungusha chaki.
Kisha akakata, polepole,
mishono yake mwenyewe.
Vendel akadhani kazi imekwisha, akanyoosha mkono.
"Ngoja," akasema bibi, "nipige pindo."
"Pindo? Pindo la tundu?"
"Usipolipiga, litafumuka."
Na barabara nzima ikiimba chini ya dirisha
yeye akashona ukingo wa kitu ambacho hakipo.

Siku kumi na mbili.
Vendel aliingiza kichwa mle tunduni, akaivaa kama joho,
akawachekesha majirani.
Halafu vifaru, alfajiri ya Jumapili.

Bendera ilirudi chini ya viazi, kapuni mwa Bi Hedvig.
Vendel hakurudi. Ilikuja kadi moja kutoka Graz:
Nipo. Baridi kali. Viatu si vyangu.
Baada ya hapo, kimya.

Walioziba ufa walijua wanachofanya.
Mwaka uliofuata bendera mpya haikuwa na nembo yoyote,
rangi tatu tu, safi, kana kwamba hakuna aliyewahi kuichukia ile ya zamani.
Karani wa nyumba akagonga: Mei Mosi kila dirisha lipambwe,
na tundu, mama, tundu ni kesi.
Bibi akatia kiraka. Nyekundu ya pazia.
Nyeupe ya foronya ya Vendel.
Kijani hakikulingana; ukisogea karibu ungeona.
Karani hakusogea.

Na nembo ilining'inia msumarini kando ya jiko,
uso ukutani.
Askari wawili waliopekua kabati na godoro
walipewa chai, na birika lilishikwa kwa hiyo hiyo.
"Sasa," alikuwa akisema bibi, "angalau inafanya kazi."

Miaka thelathini na miwili.
Nilikuwepo alipofumua kiraka, mikono ikitetemeka,
uzi ukitoka mmoja mmoja.
Nilitegemea matambara.
Lakini pindo lilikuwa palepale,
tundu likafunguka duara kamili, ukubwa wa sahani ya supu,
na ndani yake nikaona tanuri, kalenda,
na uso wa bibi, ambaye hakuwa akilia. Alikuwa akikagua mshono.

Mwalimu anawaambia watoto: uhuru. Sawa.
Sina la kubisha.
Upepo unapita pale bila kuulizwa kitambulisho.

Leo nimepika kabichi.
Nyota imeungua, imekuwa rangi ya kahawa,
nyundo imefutika kabisa.
Masuke bado yapo: yanahisika
kama nafaka kweli, chini ya kidole gumba,
ninapoinua kifuniko.