Hadithi ya Usiku Mmoja

Leo ni tarehe thelathini na moja, mkesha wa Watakatifu Wote.
Mbusa anasema kwingine watu huchonga maboga,
wakayatia macho, meno na mshumaa.
Boga la kwetu liliishia chunguni Jumatatu,
pamoja na majani yake.
Mshumaa tunao. Umeme umekatika tangu saa sita mchana.

Tumeizunguka meza ya Masika, hapa Katindo:
daftari, penseli iliyobaki urefu wa kidole gumba,
sahani ya sambaza wa kukaanga,
na dadu ya pande ishirini iliyotoka Nairobi ndani ya soksi
ikavunjika pembe njiani.
Tangu hapo hupenda kuangukia saba.
Tumeizoea saba.

Mimi ndiye msimulizi. Kazi yangu ni kuwatisha
hadi saa nne, si zaidi,
kwa maana Byamungu ana zamu hospitali alfajiri,
na hadithi ya usiku mmoja ni kama uji:
ikilala, inachacha.

Nimewaletea tatu wachague.

Ya kwanza: nyumba iliyofunikwa na lava.
Juu yake pamejengwa nyumba nyingine, ndiyo hii.
Usiku mtu wa chini anagonga dari lake,
yaani sakafu yetu.
Nabintu akainua miguu, akaikunja kitini.
"Hiyo hapana. Jiko la nyanya yangu liko chini kule Birere,
na maharage yalikuwa motoni tulipokimbia.
Sitaki kujua ni nani anayeendelea kuyakoroga."
(Yake ilikuwa kali kuliko yangu.
Niliiandika pembeni, kwa herufi ndogo, asione.)

Ya pili: mazuku,
ile hewa isiyo na harufu inayolala mashimoni.
Mbuzi huingia wima, hatoki.
Katika hadithi yangu mazuku ana sauti,
anakuita kwa jina ambalo mama yako pekee hulijua.
Byamungu hakuniacha nimalize.
Alikuwa anatafuna, akaacha kutafuna.
"Ya kazini," akasema, "tuyaache kazini."

Ya tatu: chukudu inayoshuka yenyewe usiku,
bila mtu, bila breki, na shehena ya makala.
Ukilifungua gunia unakuta viatu,
vile ulivyovaa siku ya kwanza ya shule.
Niliipunguza sauti, niliusogeza mshumaa,
na Mbusa akauliza: "Gunia ni bei gani?"
Basi. Walicheka hadi sambaza wakamwagika.
Hofu ikishachekwa hairudi,
kama mgeni aliyeambiwa bei ya sukari.

Daftari langu likawa jeupe.

Masika ndiye aliyeongea,
yeye ambaye katika kila mchezo huchagua kuwa mwizi
ili asilazimike kusema.
"Tucheze isiyo na zimwi.
Kuna meza. Kuna watu watano. Kuna mlango.
Mtu anapiga hodi.
Sheria ni moja: hodi ya tatu lazima ijibiwe karibu."
"Halafu?"
"Halafu dadu."

Hatukupiga kura.
Nabintu aliinuka, akaangalia komeo, akarudi kukaa.
Dirishani mawingu ya juu ya mlima yalikuwa mekundu,
kama mtu anayevuta sigara huko peke yake.

Hodi ya kwanza niliipiga mimi, kwa vifundo, chini ya meza.
Wakaguna.
Ya pili niliisema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyetembea mbali.
Hakuna aliyeguna.
Nikanyamaza, nikihesabu pumzi,
kwa maana kunyamaza ndiyo nusu ya kazi hii,

na mlangoni pakasikika:
"Hodi."

Huenda ni jirani anayetaka kiberiti.
Umeme ukikatika huwa anakuja.
Huwa anakuja mapema, lakini huenda.
Mshumaa uliinama, ukasimama.
Walinitazama wote, mimi niliyejua hadithi,
na Masika akanisukumia dadu kwa kidole kimoja.

Nikairusha.
Ikabingirika kati ya miiba ya samaki,
ikagota kwenye pembe yake iliyovunjika,
ikasimama.

Haikuwa saba.